Kijana Anayemtetea Anayemuumiza: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Watu wa Nachingwea na Ruangwa

Utii wa kijana aliyeumizwa usiuhesabu kuwa sifa ya mlezi wake. Ukiona mtoto wa miaka 14 hajibu swali mpaka amtazame usoni mwanamume aliyekaa pembeni, anainuka kabla hajaitwa, na anawaka hasira jirani akiuliza kulikoni, usiseme "huyu kalelewa". Jiulize kalelewa vipi, na nani, na kwa gharama gani.

Mwanamume huyo ana sura nyingi hapa kwetu. Anaweza kuwa baba mzazi. Anaweza kuwa baba wa kambo aliyeingia nyumbani ndoa ya kwanza ilipovunjika, au mjomba, ambaye kwa Wamwera ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Anaweza kuwa mwenye duara kwenye machimbo ya dhahabu, tajiri wa bodaboda, ustadhi, mchungaji, mganga, kocha au mwalimu. Wengi wenye nafasi hizo ni watu wema, na watoto wengi wa Nachingwea na Ruangwa wamesimama kwa sababu yao. Maneno haya yanamhusu yule anayemchagua mtoto kwa kuwa ameshavunjika, kisha anamfanya mali yake.

Mtu wa namna hiyo hahangaiki kutafuta. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa, kuchapwa au kutishiwa na ndugu, mtu mwenye mamlaka au mpenzi walikaribia robo tatu, wasichana kwa wavulana. Watoto walioumia tunao kila kitongoji.

KWANZA, FAHAMU ANAVYOFUNGWA

Kazi huanza kwa wema. Mtoto aliyeachwa na mama, aliyezoea makofi na njaa, anapata mtu anayemnunulia sare, viatu na daftari, anayemwita "mwanangu" mbele ya watu na kumsikiliza mpaka mwisho. Wema huo anauhitaji kwelikweli, na ndiyo maana unamshika.

Kisha anatengwa na watu wake. Anaambiwa bibi yako hakupendi, mama yako alimfuata bwana akakuacha, walimu wanakucheka. Kila neno lina chembe ya ukweli, kwa hiyo linaingia. Baada ya miezi michache mtoto hana mwingine wa kumkimbilia.

Hapo ndipo kipigo kinaanza, au mkono unaingia pasipostahili. Baada ya kipigo inakuja pole: chipsi, soda, vocha, usingizi bila kusumbuliwa. Mkono uliomuumiza ndio huohuo unaomfuta machozi, na mtoto anajifunza kwamba nafuu yake yote iko kwa mtu mmoja. Anajua mlio wa pikipiki yake tangu barabara kuu. Anajua kama kalewa kwa namna anavyosukuma mlango. Akili yake yote iko kwenye uso wa mtu yule, na walio nje wanaiita heshima.

Mwisho linawekwa deni. "Nani alikulisha? Nani alikusomesha? Asante ya punda ni mateke." Na ili deni lisilipike, anashirikishwa kwenye kosa. Msimu wa korosho anatumwa usiku kubeba magunia ya kangomba, yaani korosho za magendo, au kuokota kwenye mashamba ya watu. Akishafanya mara ya kwanza anaambiwa: tukikamatwa, tumekamatwa wote.

Mbinu hizi zimewahi kutumika kuendesha jeshi zima. Kaskazini mwa Uganda, Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA wa Joseph Kony akiwa na umri wa takribani miaka tisa, njiani akielekea shule. Watoto waliotekwa walipigwa, wakatishwa, wakalazimishwa kuwapiga na kuwaua wenzao waliojaribu kutoroka, ili waone kwamba nyumbani hawarudiki tena. Ongwen alikulia humo mpaka akawa kamanda wa brigedi, na hakutoka msituni hadi mwanzoni mwa 2015. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa makosa 61, na Mei mwaka huohuo ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Majaji walizingatia utoto wake ulioporwa katika kupima adhabu, lakini walikataa kwamba utoto huo unafuta aliyoyafanya akiwa mtu mzima. Yote mawili ni kweli, na ndiyo sababu ya kumwahi kijana akiwa bado na miaka 14.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usimhoji mtoto mbele ya mlezi wake.

Kosa hili hufanyika kwenye ofisi za vijiji kila mara. Kijana kakalishwa kwenye benchi, kiwiko kimevimba, kitambaa kimefungwa juu ya kidonda. Mwanamume kakaa upande wa kulia, mkono wake uko juu ya bega la mtoto. Mtendaji anauliza: "Umepigwa?" Kijana anasema: "Nilianguka kwenye mkorosho." Karatasi inaandikwa, inapigwa muhuri, na kila mtu anarudi kwake. Swali lililoulizwa hivyo limeshampa mtoto jibu. Na usiku ule atalipia hata kule kuulizwa tu.

2. Usimtukane mlezi mbele ya kijana.

Ukimwita mnyama, shetani au mbakaji, umemlazimisha mtoto kumtetea. Atakumbuka viatu alivyonunuliwa, atakumbuka siku aliyobebwa mgongoni kupelekwa zahanati, ataona wewe ndiye mwongo. Zaidi ya hapo umethibitisha kile alichoambiwa tangu mwanzo, kwamba watu wa nje wanataka kuwatenganisha. Sema juu ya tendo: "Mtoto hapigwi na waya. Hakuna kosa lolote linalostahili hilo." Mtu mwenyewe waachie polisi na mahakama.

3. Usiulize "mbona hukusema siku zote hizo?"

Swali hilo ni hukumu. Mwaka 1983 daktari wa akili wa Marekani, Roland Summit, alieleza jinsi watoto walionajisiwa wanavyoishi na siri hiyo: wanafichwa, wanakosa nguvu, wanajizoesha, wanasema kwa kuchelewa na kwa kusitasita, kisha wanakana waliyoyasema. Kukana huja mara nyingi mtoto anapoona mama analia, chakula kimekatika na ndugu wamemgeukia. Anajaribu kuirudisha nyumba mahali pake kwa ulimi wake mwenyewe. Kijana akija leo kusema "nilidanganya", usifunge faili. Uliza nani alizungumza naye jana.

4. Usiyamalize kifamilia.

Hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kusamehe ubakaji. Kosa la jinai ni kesi ya Jamhuri. Kwa Kanuni ya Adhabu, kumbaka mtoto ni kifungo kisichopungua miaka 30, kumlawiti mtoto ni kifungo cha maisha, na mwanamume anayemwingilia mtoto wa damu yake ana kosa la maharimu juu yake. Sheria hiyo inawataja pia waganga wa jadi na viongozi wa dini wanaotumia nafasi zao kuwapata wanawake na wasichana. Mzee anayepokea mbuzi, gunia la ufuta au bahasha ya pesa za mnada ili "aibu isitoke nje" amemuuza mtoto kwa mara ya pili. Na mtoto anajua bei yake, kwa sababu kikao kilifanyika uani na masikio anayo.

5. Usiogope fadhila za mtu.

Anayewateka watoto mara nyingi ni mtu wa watu. Anachangia harusi, ananunua jezi za timu ya mtaa, anatoa gari kupeleka mgonjwa hospitali ya Ndanda, anakaa safu ya mbele msikitini au kanisani. Fadhila hizo zinamnunulia mashahidi wa kumtetea kabla hajashtakiwa. Mpe shukrani kwa gari, kisha umpeleke polisi kwa mtoto. Fadhila aliyowatendea wakubwa hailipwi kwa mwili wa mdogo.

6. Usimhukumu kijana kwa kazi aliyotumwa ukamwacha aliyemtuma.

Kijana wa miaka 15 akikamatwa na korosho za watu, watu humrukia yeye, aliye karibu na asiye na wa kumtetea. Swali la kwanza liwe: gunia lilikuwa linapelekwa kwa nani? Kosa lake lishughulikiwe kwa taratibu za mtoto. Lakini ukimwita mwizi mbele ya kijiji umemsukuma arudi kwa mtu pekee anayemwambia "mimi najua wewe ni nani".

7. Usiahidi usichokiweza.

"Sitamwambia mtu yeyote" ni ahadi ambayo huna haki ya kuitoa. Mtoto huyu amelelewa kwa ahadi zilizovunjwa, na yako ikivunjika hatazungumza tena kwa miaka. Sema ukweli: "Nitawaambia watu wawili wanaoweza kukulinda, na nitakutajia ni akina nani kabla sijaenda."

8. Usitumie mila kufunika uovu.

Jando na unyago vinamfundisha kijana adabu kwa wakubwa, na adabu ni kitu chema. Havimpi mkubwa yeyote ruhusa juu ya mwili wa mtoto. Somo na kungwi wanaofundisha "usimjibu mkubwa" na kuishia hapo wameacha nusu ya somo. Nusu ya pili ni hii: mkubwa akikushika pasipostahili, akikutuma kosa, akikuambia ufiche, una haki ya kukataa na kuja kwangu.

MAMBO YA KUFANYA

1. Jifunze kuona.

Tazama mtoto aliyekuwa mcheshi akawa kimya, au aliyekuwa kimya akawa mkali. Tazama simu mpya isiyo na maelezo, michubuko iliyofunikwa kwa nguo za mikono mirefu kwenye joto la Oktoba, binti anayetafuta kila sababu asibaki nyumbani wakati mama kaenda shambani. Tazama misimu. Minada ya ufuta na korosho inapoanza, pesa zinaingia, pombe inaongezeka, na baadhi ya watoto wanatoweka darasani. Mwalimu mwenye daftari la mahudhurio ana ushahidi mkononi. Alisome kila Ijumaa na aulize majina.

2. Kuwa mtu mzima wa pili katika maisha yake.

Kamba ya mlezi wa namna hii ina nguvu kwa sababu iko moja. Anapopatikana mtu mzima mwingine anayetimiza anachosema, asiyedai kitu na asiyepiga kelele, mtoto anapata kipimo cha kulinganishia. Huhitaji hotuba. Msalimie kwa jina kila siku. Mwite aje kula pamoja na watoto wako, mlango ukiwa wazi. Ukisema "njoo Jumatano", Jumatano uwepo. Shangazi, bibi, jirani, mwalimu wa michezo, yeyote anaweza. Utajaribiwa: atakutukana, atakuibia, atapotea wiki mbili ili aone kama nawe utampiga. Usimpige.

3. Sikiliza na uandike.

Akianza kusema, nyamaza. Usimalizie sentensi zake, usimpe majina ya matendo ambayo hajayataja. Akimaliza, mwambie: nimekusikia, hukukosea kusema. Kisha andika maneno yake kama alivyoyatamka, na tarehe. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika makosa ya kujamiiana kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu zake. Kwa hiyo maneno yake yana uzito. Usiyachafue kwa ya kwako.

4. Toa taarifa, na uitoe mahali panapostahili.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja kila mwanajamii. Mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuiambia mamlaka ya serikali za mitaa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, kwa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kwa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji. Namba 116 ni simu ya mtoto na haina malipo. Ikiwa mtendaji ni shemeji wa mtuhumiwa, mruke, nenda wilayani. Ukiambiwa "rudi kesho", rudi kesho, na uende na shahidi.

5. Kama kuna ubakaji au ulawiti, mpeleke hospitali leo.

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Usimwogeshe, usifue nguo zake, usimpeleke kwanza kwa mganga. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Polisi watatoa fomu ya PF3. Mwanamke au mwanamume anayemwamini aandamane naye mpaka chumba cha daktari, kama yeye mwenyewe anataka.

6. Mwondoe machimboni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtu aliye chini ya miaka 18. Kijana anayelala kwenye kambi ya wachimbaji kwa hisani ya mwenye duara, analishwa naye, anawekewa pesa zake naye, hana njia ya kumkatalia chochote. Hata kama hajaguswa bado, ameshawekwa mahali pa kuguswa. Wenye leseni wa Ruangwa na Nachingwea wanajua nani analala kambini. Waulizwe, na wajibu.

7. Andaa pa kulala kabla hujamtoa.

Kijana anayeondolewa asubuhi na kukosa kitanda jioni atarudi kwa yuleyule kabla ya usiku wa manane. Ustawi wa jamii wana utaratibu wa familia zilizopitishwa kumpokea mtoto kwa muda. Ziulizie mapema, na kama nyumba yako inafaa, jiandikishe. Tafuta upande wa pili wa ukoo: mara nyingi yuko shangazi Masasi au Lindi ambaye hakuwahi kuambiwa.

8. Mruhusu amkumbuke.

Kumtoa mtoto ni siku moja, kumfungua ni miaka. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie ilifukuliwa, baadhi ya waliookolewa wakiwa hai walikataa chakula, kama mhubiri wao alivyowafundisha. Kati yao walikuwamo watu wazima. Usishangae basi kijana wako akilia usiku akimtaka aliyemtesa, au akitoroka kwenda kumpelekea sigara mahabusu. Mwambie: "Alikununulia viatu, ni kweli. Alikupiga, ni kweli pia. Viatu havilipiwi kwa kipigo." Rudia kadiri inavyohitajika. Usimdai amchukie mtu huyo ndipo umpende wewe, kwa sababu sharti la namna hiyo amelijua tayari.

9. Mrudishe shule, na pesa yake iwe mkononi mwake.

Kijana mwenye jina darasani, rafiki wa rika lake na ujuzi unaomwingizia senti zake mwenyewe hatishiki kirahisi na "nani atakulisha". Binti aliyejifungua ana njia ya kurudi: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatishwa masomo kwa ujauzito warejee kwenye mfumo rasmi. Mwalimu mkuu anayemfukuzia mlangoni anamrudisha kwa aliyempa mimba.

10. Wewe mama, chagua.

Tunajua uzito wa kuchagua kati ya mwanamume na mtoto. Mwanamume ndiye mwenye nyumba, ndiye aliyeandikisha korosho chama cha msingi, ndiye anayelipa ada ya mdogo. Waliokuzunguka wana wajibu wa kukubeba, na wasipokubeba wana dhambi. Lakini mtoto akikuambia, maneno yako ya kwanza ataishi nayo maisha yake yote. Yawe haya: "Nakuamini." Mengine yote, ya shamba, ya nyumba, ya ndugu watakaosema, yatafuata na yatatafutiwa watu.

11. Usiondoke baada ya hukumu.

Siku mtuhumiwa anapofungwa, kijiji huona kazi imekwisha. Kwa kijana ndiyo inaanza. Amempoteza mtu pekee aliyemwita mwanangu, ndugu wa mtu huyo wanamtazama vibaya sokoni, na hasira zote alizozimeza zinatafuta njia ya kutoka. Wapo wenye kuwinda hasira hizo, na wataanza nao kwa wema: ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Cabo Delgado nchini Msumbiji, tangu Oktoba 2017 makundi yenye silaha yamekuwa yakiteka na kutumia watoto. Kijana asiye na mtu ni wa yeyote atakayemtangulia. Watangulie.

Ikiwa umefika hapa na jina la mtoto fulani limeshakujia kichwani, usilisubirishe mpaka mavuno yaishe, wala mpaka uwe na uhakika wote. Uhakika ni kazi ya upelelezi. Kazi yako ni kupiga 116, au kwenda kwa ustawi wa jamii kesho asubuhi ofisi zikifunguliwa, na jioni yake kumwita yule mtoto aje kula kwako.